Gia ya Tatu

Mtu yeyote aliyewahi kupika kwa gesi anajua kwamba ukizungusha swichi kulia moto unashuka, ukizungusha kushoto unapanda. Ni jambo lisiloulizwa. Mikono inalijua hata kama macho yako kwenye televisheni. Lakini nyuma ya nyumba ya fundi magari aliyeitwa Spana, chini ya kibanda cha bati alichokichomelea mwenyewe, kulikuwa na oveni ya piza isiyotambua sheria hiyo. Yenyewe ilikwenda kinyume. Kulia ilinguruma, kushoto ilitulia.

Haikuzaliwa hivyo. Ililetwa gereji ndani ya buti la gari la mteja, mguu umepinda, na mteja akasema kama mna pa kuitupa, itupeni. Spana hakuwa mtu wa kutupa. Aliibeba hadi nyumbani kama aliyeokota mtoto wa paka, akaifungua, akaikuta nzima kuliko ilivyosingiziwa. Kichomeo cha nyuma kilikuwa safi. Jiwe la kuokea lilikuwa na ufa mdogo pembeni tu. Kilichokufa ni mti wa valvu, kile kijiti cha chuma kinachofungua gesi, uliokatikia ndani kabisa, mahali ambapo swichi ya mbele haiwezi kuufikia. Basi akaihamishia swichi ubavuni, akaiunganisha na valvu kwa gia mbili ndogo alizozing'oa kwenye mota ya dirisha la gari lililokwisha kazi. Akapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha mpira wa gesi. Hakuna kipovu kilichovimba. Akawasha. Moto ukatambaa ukutani mwa oveni, ukapanda darini, ukajikunja kuja mbele kama mtu anayechungulia mlangoni.

"Kazi imetakata," alisema, akazungusha swichi kulia ili aupunguze.

Moto ukamrukia ukamla nyusi.

Mama yake, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua vitunguu, alimtazama akacheka mpaka akajishika mbavu. "Mwanangu! Umekuwa yai!"

Lilikuwa kosa la kitoto. Gia mbili zikiumana, moja ikienda kulia nyingine inakwenda kushoto. Mwanagenzi hufundishwa hilo kabla hajaruhusiwa kugusa nati. Jioni rafiki yake wa gereji, mpaka rangi ambaye kila mtu alimwita Rangi, alikuja kuona maajabu, akachungulia ubavuni na kutoa dawa palepale.

"Tia gia ya tatu katikati. Itarudi kwenye mstari."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa niache."

Rangi alidhani ni kiburi, na kiburi kilikuwepo, maana Spana alikuwa nacho cha kutosha kugawia mtaa. Lakini sababu ilikuwa binti yake.

Binti huyo alikuwa mtoto wake wa pekee. Tangu alipojua kunyoosha kidole alikuwa akiwaamuru watu wazima, ndiyo maana walimwita Bosi. Mama yake alikwisha kuachana na Spana na kuolewa na mwenye duka la dawa, mtu mpole, nadhifu, mwenye nyumba yenye majani yaliyonyolewa kama kichwa cha mwanajeshi. Bosi aliishi huko. Kwa baba yake alikuja Jumamosi, na Jumamosi za zamani zilikuwa ngumu. Alikuja na vizibo vya muziki masikioni, akaketi sebuleni na mkoba mapajani kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari. Spana alimuuliza habari za shule, naye akajibu nzuri. Alimuuliza kama ana njaa, naye akajibu hapana. Kisha wote wawili walitazama saa, kila mmoja akitumaini mwenzake hajaiona.

Jumamosi ya kwanza ya oveni, Bosi alimkuta baba yake hana nyusi. Vizibo vikatoka masikioni.

"Baba! Umefanya nini?"

Akaelezwa. Akacheka kicheko kilekile cha bibi yake. Kisha akajaribu swichi mwenyewe, kulia, kushoto, kulia, akiutazama moto ukimtii kwa ukaidi.

"Nitairekebisha wiki ijayo," Spana alisema.

"Usithubutu! Ikiwa hivi, hata mwizi akiiba haiwezi. Duniani tutaijua mimi na wewe tu."

Wiki ijayo ikapita, na nyingine, na gia ya tatu ikabaki kwenye kopo la vyuma. Spana alimtungia binti yake mstari wa kushika, maana piza ya oveni ya gesi haitaki mtu wa kufikirifikiri. Jiwe linataka moto mkali hadi liive. Lakini kabla ya kuingiza donge lazima moto utulizwe, la sivyo uso utaungua na tumbo libaki bichi. Ukishaingiza, ugeuze, ugeuze tena, usiende popote, usijibu simu. Yeye aliyafupisha yote hayo hivi:

*Kushoto tuliza, kulia unguza, ingiza, geuza!*

Hakuwahi kutunga kitu kingine maishani mwake, na huu aliuonea fahari kuliko injini yoyote aliyowahi kuifufua. Bosi aliuimba akiwa amevaa ovaroli kuukuu ya baba yake, mikono imekunjwa hadi kiwiko, beleshi bapa la kuingizia piza begani kama bunduki. Spana alitandaza, Bosi alichoma, bibi alikanda unga na kukosoa. Hiyo ndiyo ilikuwa serikali yao. Katikati ya kutandaza na kugeuza, maneno yakaanza kutoka. Bosi alisimulia mwalimu anayesinzia, rafiki aliyemgeuka, mtihani wa mwisho unaomnyima usingizi. Spana hakuuliza kitu. Alikwisha kugundua kwamba mtoto huyu huongea na mtu asiyemtazama.

Siku moja, akichota majivu ya unga juu ya jiwe, Bosi alisema, "Baba, nikifaulu, sherehe ni hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa. Uani. Wewe unatandaza, mimi nachoma, wanakula wote. Na mama atakuja, na mumewe atakuja, wote waje waone. Si nyumbani kwao. Hapa."

Spana aliinamisha kichwa juu ya donge la unga na kulitandaza hadi likatoboka.

"Ahadi?"

"Ahadi ya Bosi."

Mtu akishapewa neno kama hilo hukaa nalo namna gani? Spana alikaa nalo kwa kujenga. Alichomelea mabenchi. Alimwaga zege pale ambapo mvua ilikuwa ikifanya tope. Aling'oa kamba ya kuanikia nguo akaihamishia upande wa choo, na mama yake akamwambia kwamba sasa nguo zake za heshima zitakuwa zikinusa mambo yasiyo na heshima. Gereji nzima ilijua. Fundi pancha alijua, muuza betri alijua, wateja waliokuja kubadilisha oili waliondoka wakijua. Matokeo yalipotoka na Bosi akawa amefaulu, vizuri hata, Spana alipiga honi za magari yote yaliyokuwa uani mwa gereji, hata lile lisilo na magurudumu.

Sherehe ikapangwa. Ikabaki Jumamosi moja ya mazoezi.

Bosi alifika mapema, akamwamkia baba yake, akamkumbatia bibi, akavaa ovaroli. Jua lilikuwa la kiasi na upepo hakuna. Spana aliwasha oveni, akaiacha ichemshe jiwe, akaanza kutandaza. Alipaka rojo ya nyanya, akanyunyiza jibini, akasogeza beleshi.

"Bosi wa moto, kazi kwako!"

Bosi alinyoosha mkono ubavuni mwa oveni, akazungusha swichi. Hakufikiri. Aliizungusha kulia, hadi mwisho, kisha akasukuma piza ndani.

Oveni ikanguruma. Ulimi wa moto ukatoka mlangoni ukamlamba kifundo cha mkono. Bosi akapiga kelele, akaangusha beleshi. Spana alifika hapo kabla beleshi halijatulia chini, akairudisha swichi kushoto, akamvuta binti yake hadi kwenye bomba la maji. Ngozi ilikuwa nyekundu, malengelenge hayakutoka. Ndani ya oveni piza ilikuwa imekuwa kifuniko cha sufuria.

"Nilisahau," Bosi alisema, mkono ukiwa bombani.

"Hutokea," Spana alisema. "Hata mimi nilikuwa na nyusi zamani."

Wakacheka. Bibi akamletea mjukuu kitambaa kilicholowa. Spana akatandaza nyingine, taratibu, akimtazama binti yake kwa pembeni. Bosi akashika swichi, akasita, mkono ukaanza kwenda kulia, akaukamata, akaurudisha kushoto. Piza ikaingia. Alipotaka kuigeuza, mkono wake wa kulia ulikwenda pembeni mwa oveni, hewani, ukafumbata kitu ambacho hakikuwepo. Kwa Spana koleo la kugeuzia lilikuwa mezani, kushoto, siku zote.

Spana aliacha kutandaza.

Yeye alikuwa mtu wa kusikiliza injini. Dereva anaweza kukuapia kwamba gari halijawahi kugongwa. Usukani ukivuta upande, unajua limegongwa. Binti huyu aliweza kutumia oveni hii amefumba macho. Aliwahi kufanya hivyo, kwa mbwembwe, mbele ya Rangi. Mkono hausahau. Mkono hufundishwa kitu kingine.

"Bosi."

"Naam, Baba."

"Unachomea wapi siku hizi?"

Bosi aligeuza piza ambayo haikuwa bado tayari kugeuzwa.

"Nakuuliza kwa upole. Mkono huo umezoea swichi ya wapi?"

Na hapo, kama mtu anayedhani anazima moto kumbe anamwaga mafuta, bibi akadakia kutoka kwenye kigoda chake: "Mwanangu, usimfokee mtoto. Ile ya kule yenyewe ni kubwa, inaingia mbili kwa pamoja. Lazima mkono uchanganyikiwe."

Kisu chake cha vitunguu kikasimama. Bibi akauziba mdomo kwa kiganja, lakini neno likitoka halirudi.

"Ya kule," Spana alisema. "Mama. Umeiona ya kule?"

"Nilipita tu kumsalimia mjukuu wangu."

"Umekula?"

"Kipande." Bibi akajitetea. "Mtu akikukaribisha utakataa?"

Piza ilikuwa ikiungua, na hakuna aliyeitoa. Bosi alizima gesi, akafanya hivyo kwa uangalifu, mtungini kwanza, kama alivyofundishwa. Kisha akasema yote kwa mkupuo, akiitazama sakafu mpya ya zege.

Mwenye duka la dawa alimnunulia oveni mara tu matokeo yalipotoka. Alitaka kumfurahisha. Mama alisema wageni watakuwa wengi, ndugu wa upande wake, ndugu wa upande wa mumewe, walimu, na uani kwa Baba hapatoshi, na barabara ya huku ni mbaya kwa magari. Sherehe itakuwa kule. Imeshapangwa. Watu wameshaalikwa.

"Na wewe ukasemaje?"

"Nilitaka kukuambia."

"Sikukuuliza ulitaka nini. Ulisemaje?"

"Nilisema sawa."

Spana akaitikia kwa kichwa, kama mteja aliyeambiwa injini imekufa. "Kwa hiyo leo ulikuja kufanya mazoezi ya sherehe ya kule. Kwa unga wangu."

"Si hivyo, Baba."

"Ni vipi?"

"Leo nilikuja kukuambia. Kila nikija nakuja kukuambia. Halafu nakukuta umejenga benchi jingine."

Hilo lilimwingia kama msumari, kwa sababu lilikuwa kweli. Lakini lililobaki ndilo lililomvunja. Alikuwa ameshageuka kwenda kunawa unga mikononi alipouliza, kwa kejeli tu, bila kutarajia jibu: "Na huyo bwana, anajua kuitumia, au naye ameungua nyusi?"

"Hakuwa anajua," Bosi alisema. Na kwa kuwa alikuwa mtoto mkweli mahali pasipofaa, akaongeza: "Nilimfundisha mimi. Nilimfundisha ule mstari wetu. Ila nimeugeuza, maana ya kule ni ya kawaida. Kulia tuliza, kushoto unguza. Anauimba vizuri sana, Baba. Anasema aliyeutunga ana kipaji."

Spana alinawa mikono muda mrefu. Unga ulikwisha kutoka, maji yakaendelea kutiririka. Sherehe angeweza kuisamehe. Sherehe ni ya siku moja. Oveni angeweza kuicheka. Mwenye fedha hununua. Lakini ule mstari! Wenyewe ulikuwa wa watu wawili tu duniani. Sasa kulikuwa na mwanamume amesimama kwenye majani yaliyonyolewa, anaimba maneno ya Spana kinyumenyume, na kumsifu mtunzi kama mtu anavyomsifu maiti.

"Vua ovaroli," alisema bila kugeuka. "Nitakusindikiza kituoni."

*

Wiki ile hakumwambia mtu. Pale gereji alifungua nati na kufunga nati. Rangi alikuwa amejichukulia kipande cha bati na kukipaka rangi nyeupe, kisha akaandika juu yake kwa herufi nyekundu zenye kivuli cha njano, HONGERA BOSI, na pembeni akachora piza iliyofanana na gurudumu.

"Unaonaje?"

"Imependeza."

"Mbona unasema kama unanunua jeneza?"

"Nimechoka."

"Utachoka vizuri Jumamosi, tukishakula."

Spana alitaka kumwambia. Angesemaje? Kwamba mtoto wake amechagua uani kwingine? Alikuwa ametangaza kwa honi. Sasa angetangua kwa kitu gani?

Katikati ya wiki Bosi alipiga simu.

"Baba, shikamoo. Njoo. Tafadhali. Huku hakuna anayejua kutandaza, wanatumia kifimbo cha chapati, inakuwa kama kadibodi. Wewe utandaze, mimi nichome. Kama tulivyosema."

"Tulisema hapa."

"Baba, nimekosa. Nakuomba."

"Huyo bwana ana dawa za kila kitu. Muulize kama hana ya kutandaza."

Nyuma ya Bosi ilisikika sauti ya kiume ikiuliza kwa upole kama kila kitu kiko sawa, na Bosi, akiisogeza simu mbali na mdomo lakini si mbali vya kutosha, akajibu: "Ndiyo, Baba."

Spana akakata.

Mama yake alikuwa mlangoni, amesikia nusu, na nusu nyingine ameikisia. "Mtoto hana kosa," alisema. "Amevutwa huku na huku. Mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina."

"Basi amekitazama vya kutosha. Na wewe ulibebwa na nani, ukaenda kula kule ukarudi hapa kunikandia unga, hukusema neno?"

Bibi hakukasirika. Alikuja akaketi karibu naye kwenye benchi jipya. "Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa na furaha. Tangu mke wako aondoke sijakuona ukipiga mluzi. Nikasema acha apige kidogo."

"Kwa hiyo wote mlikuwa mnajua, na mmekaa mnanisikiliza nikipiga mluzi."

Bibi alifuta vumbi la benchi kwa ncha ya kanga.

Ijumaa, mchana mweupe, gereji ikiwa haina kazi, Spana alirudi nyumbani akafungua kopo la vyuma. Mtu angemuuliza alikuwa akitafuta nini, asingesema. Kichwa chake hakikuwa na sherehe wala mwenye duka la dawa. Kilikuwa na kifundo cha mkono chini ya bomba, chekundu. Alikuwa amekiona wiki nzima, tangu Jumamosi, kila alipofumba macho. Bosi angekuja tena, Jumamosi moja au nyingine, hata kama ni kwa kusukumwa na bibi yake. Angesimama mbele ya oveni hii na mkono uliokwisha kuzoea ile. Mkono mmoja hauwezi kutii sheria mbili. Siku moja utasahau uko nyumba ipi, na moto hautauliza.

Alikuwa na hasira bado. Hasira haikupungua hata chembe alipokuwa akifungua ubavu wa oveni, akisogeza zile gia mbili zilizokuwa zimeumana tangu mwanzo, akiingiza ya tatu katikati yao. Iliingia sawasawa kana kwamba siku zote nafasi yake ilikuwepo. Akajaribu swichi. Kulia, valvu ikafunga. Kushoto, ikafungua. Kama majiko yote ya dunia.

"Haya," alisema. "Sasa na mwizi anaweza."

*

Jumamosi mama yake alitoka chumbani amevaa vizuri, mkoba mkononi. Unga alikuwa ameukanda tangu asubuhi na kuufunika kwa kitambaa.

"Naenda kumwona mjukuu wangu. Siendi kwao, naenda kwake. Unanielewa?"

"Nenda, Mama."

"Nimwambie nini?"

Spana alifikiri. "Mwambie ahakikishe jiwe limeiva kwanza. Watu wengi watamharakisha."

Bibi alikaza kitambaa juu ya unga, akaenda.

Wageni wa gereji walifika na soda na bati la Rangi. Walilitundika juu ya kibanda, wakakaa kwenye mabenchi, wakayasifia. Fundi pancha alikuja na mke wake, muuza betri akaja na redio. Spana aliwasha oveni ikaanza kuchemsha jiwe. Walitaniana kuhusu nyusi zake, zilizokuwa zimeota upya lakini moja ilikuwa imekataa kulingana na mwenzake. Kila mtu alikuwa na furaha, na kila dakika ya furaha hiyo ilikuwa kama mtu anamkanyaga mguuni bila kujua.

Mwishowe Rangi akauliza. "Mwenye sherehe yuko wapi? Au anajipodoa?"

Spana alikuwa akitandaza. Hakuinua kichwa.

"Yuko kwa baba yake."

Muuza betri akacheka, akidhani ni utani, akawatazama wenzake wacheke naye. Hawakucheka. Mke wa fundi pancha aliinua mkono akapunguza redio.

"Spana," Rangi alisema taratibu. "Baba yake si wewe?"

"Sherehe iko kule. Ilihamishwa. Nilijua tangu wiki iliyopita. Nilishindwa kuwaambia." Akapaka rojo ya nyanya hadi ukingoni, kwa makini kuliko ilivyohitajika. "Mmekuja, mtakula. Unga upo."

Hakuna aliyesema pole. Watu wa gereji wanajua kwamba kuna bolti ukiigusa wakati bado ni ya moto inakatika. Fundi pancha alikohoa akasema jibini ni nyingi, na mke wake akamwambia jibini haiwezi kuwa nyingi.

Spana alibeba piza kwa beleshi. Jiwe lilikuwa tayari. Mkono wake ukashuka ubavuni mwa oveni, ukaizungusha swichi kushoto, kutuliza, kama ulivyofanya Jumamosi zote zile, akasukuma piza ndani.

Oveni ikanguruma. Moto ukapanda darini ukakunjamana kuja mbele, na kabla hajaelewa, jibini ilikuwa imeshika moto na ukingo umekuwa mkaa. Akaruka nyuma. Akazima, mtungini kwanza. Moshi ukapanda hadi kwenye bati, ukalipaka masizi lile neno BOSI.

"Wewe tena?" Rangi alisema. "Oveni yako mwenyewe?"

Rangi akasogea, akainama ubavuni, akachungulia. Alikaa ameinama kwa muda, mikono magotini.

"Umeiweka," alisema.

"Nimeiweka."

"Muda wote huu nakwambia uiweke, unanitukana. Leo umeiweka kwa sababu gani?"

Spana alikuwa akikwangua mkaa juu ya jiwe. "Kuna mtu alikuwa anakosea."

Rangi aliichukua ile piza iliyoungua, akaivunja, maana haikukatika, akatia kipande kinywani na kutafuna kwa kelele mbele ya watu wote. "Nimepaka rangi nyeusi maisha yangu yote," alisema. "Kuila ni mara ya kwanza." Watu wakacheka, wakapokea vipande, wakakwangua, wakala. Kilikuwa kicheko cha huruma, na Spana alikipokea kama alivyopokea kila kitu wiki ile.

Akatandaza nyingine. Akawasha tena, akasubiri jiwe lipate moto wake. Simu yake ikalia mfukoni, ikalia, ikanyamaza. Usijibu simu; hilo nalo alikuwa amemfundisha Bosi, na kule, kama alikuwa na akili, hakupaswa kupiga akiwa mbele ya moto. Au labda alikuwa amemwachia beleshi yule bwana.

Donge likawa tayari juu ya beleshi. Spana akashika swichi. Mkono ukavuta kushoto. Akaushika kwa mkono wa pili, kwenye kifundo, kama mtu anayemrudisha mbuzi njiani, lakini haukusogea. Haukuwa na jambo la kufuata. Mstari wake wa zamani ulikuwa umekufa, ukiufuata, unaungua. Kulikuwa na mmoja tu uliofaa kwa oveni hii sasa, na haukuwa wake tena.

Watu wote walikuwa wakimtazama.

"Kulia tuliza," alisema, polepole, kama mtu anayejifunza kwa mwingine.

Moto ukashuka.